Sisi tunachamba kwa maji: choo kikavu kitatufaa?

"Assalamu alaykum mtaalamu. Tunaishi pwani ya mashariki ya Unguja, sehemu ya maweni. Nyumbani tupo watu sita pamoja na mjukuu wangu wa miezi minne. Choo chetu ni cha shimo, futi kumi kwenda chini, na kisima kipo hatua kama ishirini kutoka hapo. Kila bamvua maji hupanda shimoni hadi karibu na mdomo, na masika iliyopita lilifurika uani mara mbili. Fundi mmoja anatuambia tununue tangi la plastiki ambalo ati halijai maisha. Kijana wangu ameona choo kikavu kisichotumia maji na anasema uchafu wake huwa mbolea kwa miezi mitatu, tutapanda mchicha. Mume wangu anacheka: sisi tunachamba kwa maji, choo kikavu tutakitumiaje? Na mbolea hiyo si najisi? Halafu ni kweli hakinuki? Nishauri kabla hatujatoa pesa."

Waalaykumu salaam, mama. Choo tutakifikia, lakini nianze na kisima kwa ajili ya huyo mjukuu. Hukusema kama ananyonya tu au anapewa na maziwa ya kopo. Ikiwa kuna maziwa ya kopo yanayokorogwa kwa maji ya kisima hicho, acheni leo hii, mtafute maji mengine. Najua mnayachemsha. Kuchemsha huua vijidudu, ila hakuondoi naitreti, chumvi inayozaliwa mkojo na kinyesi vikishaoza ardhini. Tena maji yakipungua sufuriani, naitreti iliyobaki ndiyo huwa kali zaidi. Ikizidi, damu ya mtoto mchanga hushindwa kubeba hewa vizuri, midomo na kucha zikaanza kuwa za bluu. Mtoto wenu akionyesha dalili hiyo, ni hospitali moja kwa moja, msingoje asubuhi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 za naitreti kwa lita ya maji. Kisima chenu huenda kipo chini ya hapo, huenda kipo juu. Ulimi na macho havijui, maabara ndiyo inajua.

Sasa kwa nini maji ya shimo lenu yanapanda na bamvua, zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu bahari inapojaa kupita kawaida. Maji matamu mnayochota maweni yamekaa juu ya maji ya bahari, kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi: maji ya mvua ni mepesi, ya chumvi ni mazito, na jiwe lote la chini limelowana. Bahari ikijaa huyanyanyua yale matamu. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani zetu hufika karibu mita 4, na ingawa mwendo huo hupungua kadiri unavyoingia bara, nyumba zilizo jirani na ufuko huuona visimani. Kwa hiyo shimo lenu halijajazwa na watu sita. Limechovywa ndani ya maji yale yale mnayokunywa, na mara mbili kwa siku bahari inalisuuza kama mtu anavyosuuza kikombe.

Utasikia watu wakisema mradi choo kiwe mita 30 kutoka kisimani, basi. Kanuni hiyo ni nzuri penye udongo, ambapo maji hujipenyeza polepole na vijidudu hunaswa au hufa njiani, na huendana na nyingine ambayo watu huisahau, kwamba chini ya shimo pabaki angalau mita moja na nusu ya ardhi kavu kabla ya kufika kwenye maji. Jiwe la matumbawe lina nyufa na vijipango, na maji hukimbia humo kama bombani. Hatua zenu ishirini zingekuwa sitini, bado nisingelala usingizi. Kipindupindu kimekuwa kikirudi visiwani tangu 1978, na hizi nyufa zina mkono wake.

Tangi la fundi wenu je? Muulize swali moja tu: lita zinazoingia zinakwenda wapi? Halijai kwa sababu linatoa. Ndani yake tope hutuama na bakteria hulila taratibu, hilo ni kweli na ni jambo jema, lakini maji yanayotoka upande wa pili, hata yakionekana mepesi, bado yamebeba vijidudu vya kuhara na karibu naitrojeni yote iliyoingia, ile inayogeuka kuwa naitreti ardhini. Mngekuwa upande wa magharibi wa kisiwa, kwenye kinongo, ule udongo mwekundu wenye kina kirefu, ningekuwa na maneno ya upole zaidi. Kwenu maji hayo yataingia ufa wa kwanza, na ufa huo huenda ndio unaolisha kisima. Kuna anayeweza kuwashauri tangi lililozibwa kabisa, linalonyonywa na gari. Kiafya halina ubaya. Ila pigeni hesabu: watu sita wakimwaga lita 20 kila mmoja kwa siku ni lita 120, na tangi la lita 3,000 limejaa siku ya ishirini na tano. Mnao uwezo wa kuita gari kila mwezi, na gari linafika mlangoni?

Ndiyo maana kijana wako hajakosea kutazama choo kikavu. Kwenye maweni kina faida ambayo wauzaji hata hawaitaji: hakichimbwi. Chemba zinajengwa juu ya ardhi, na hakuna wiki mbili za kumlipa mtu avunje jiwe kwa mtaimbo.

Kinavyofanya kazi ni hivi. Mkojo hautakiwi kukutana na kinyesi; sakafu ina njia yake ya mkojo mbele na tundu la haja kubwa nyuma. Kinyesi huangukia kwenye chemba kavu, na kila mtu akimaliza humwagia kifuu kimoja cha majivu. Kinyesi kibichi ni maji kwa kiasi cha robo tatu ya uzito wake. Majivu hunyonya unyevu, huficha uso usionekane na nzi, na ukali wake, ule wa kuwasha ngozi, huvifanya vijidudu visistahimili. Chemba zipo mbili: moja inatumika mwaka mzima, nyingine imefungwa inakauka. Harufu ile mbaya tunayoijua ya choo hutoka hasa pale mkojo na kinyesi vinapochanganyika na kuoza bila hewa. Kwa hiyo ndiyo, choo kikavu kikitunzwa hakinuki kama cha shimo. Kitanuka kidogo harufu ya majivu na ya mkojo wa juzi bombani. Anayekwambia kitanuka waridi anakuuzia kitu.

Hiyo miezi mitatu na mchicha, mwambie kijana aiache. Watu huchanganya kukausha na kuozesha. Mboji nzuri hupata moto yenyewe, ikapita nyuzi 50 kwa siku kadhaa, na moto huo ndio unaoua. Ndani ya chemba hakuna moto wa namna hiyo, kuna ukavu, majivu na muda. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2006 unataka zaidi ya mwaka mmoja wa kuhifadhi penye joto la nyuzi 20 hadi 35, na mimi kwa unyevu wa pwani yetu huwaambia watu wasigombane na miezi ya ziada. Mgumu kuliko wote ni yai la chango. Lina ganda linaloweza kuvumilia udongoni kwa miaka, na mchicha ni mboga inayokaa chini kabisa, jirani na udongo. Mpapai au mnazi, sawa. Mchicha, hapana.

Swali la mume wako ndilo hasa lenye uzito, na wala si la kuchekwa. Vyoo vingi vikavu vilivyoletwa na miradi vilichorwa kwa ajili ya watu wanaojifuta kwa karatasi. Lakini kabla ya miradi hiyo, mji mkongwe wa Sana'a kule Yemen, mji wa Waislamu wanaochamba kwa maji kama sisi, uliishi kwa vyoo vikavu ndani ya nyumba za ghorofa nyingi. Kinyesi kilidondoka kwenye chumba cha chini. Mkojo ulipita kwenye mfereji na kuteremka ukutani kwa nje, ukikauka njiani. Mtu akimaliza alisogea kando, akakaa juu ya mawe mawili, akachamba hapo, na maji yakafuata njia ya mkojo. Kinyesi kilichokauka kilipelekwa kuwasha moto wa hamamu za mji. Tofauti yetu na wao ni hewa: Sana'a ni kavu, pwani yetu nguo zikianuliwa jioni bado zina unyevu. Kwetu majivu na bomba la kutolea hewa si mapambo.

Angalia neno moja hapo: alisogea. Hilo lilinigharimu. Miaka ya nyuma nilisimamia ujenzi wa choo cha familia ya wavuvi. Mahali pa kuchambia nilipaweka nyuma ya tundu, sentimita 15 tu, nikiamini watu watajisogeza. Mtu aliyechuchumaa gizani na kopo mkononi hasogei sentimita 15, hana sababu. Baada ya miezi minne nilifungua kijimlango cha chemba nikakuta uji mweusi, funza wanatambaa kama wali unaochemka, na mama mwenye nyumba amesimama nyuma yangu, kanga puani, hasemi neno. Afadhali angenitukana. Sakafu ile niliibomoa kwa gharama yangu.

Tangu hapo mpango ninaoupendelea ni ule unaotumika kwenye vijiji vya pwani ya Kerala, India, ambako nako maji yapo juu na watu huchamba. Matundu mawili, moja juu ya kila chemba, na katikati yake bakuli la kuchambia. Tundu linalotumika likiwa la kulia, unasogea kushoto hatua nzima; likiwa la kushoto, unasogea kulia. Lile lisilotumika limefunikwa kwa zege, siyo kwa kifuniko cha mbao ambacho mtoto atakichokonoa. Inueni ukingo kwa inchi mbili kuzunguka kila tundu, ili hata maji yakimwagika sakafuni yasiingie. Fundi asisahau kibla: kwetu kipo kaskazini, kwa hiyo mwenye kuchuchumaa atazame mashariki au magharibi, na hilo lipangwe kwenye karatasi, maana sakafu ikishamwagwa haigeuki.

Swali linalofuata ni maji hayo yaende wapi, na hapa ndipo vyoo vingi vya aina hii hufa. Kwa vitabu, mkojo hukusanywa kwenye dumu, ukawekwa, ukawa mbolea. Nyumba inayostanji kwa maji hata baada ya haja ndogo haiwezi kupata mkojo mtupu. Tuhesabu kwa watu wenu. Mkojo ni kama lita 7 kwa siku. Maji ya kuchamba baada ya haja kubwa, kopo la lita mbili kwa mtu, ni 12. Ya kustanji baada ya haja ndogo, tuseme nusu lita mara tano kwa watu sita, ni 15. Jumla lita 34, na yana chembe za kinyesi, kwa hiyo ni maji machafu kamili. Ukiyaelekeza kwenye kishimo cha mawe, umerudi kulekule kwenye ufa.

Kinachohitajika ni kitanda cha migomba kilichozibwa chini. Jengeni kama birika la kina kifupi, nusu mita hivi, kwa tofali na lipu nzuri au kwa nailoni nzito ya bwawa. Chini tia kokoto, juu yake mchanga, juu kabisa udongo. Bomba liingie kwenye kokoto, maji yasionekane juu. Migomba na majimbi huyanyonya na kuyatoa hewani kupitia majani. Kitanda kilichoota vizuri, siku za jua, hutoa kama lita 4 hadi 5 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo lita 34 zinataka mita 8 za mraba, tuseme nne kwa mbili.

Kina udhaifu, sikufichi. Mwezi wa Aprili mvua inanyesha zaidi ya kile migomba inachoweza kunywa. Pandisheni kingo, udongo uinuke katikati kama mgongo wa kobe, matone ya paa yasiangukie hapo, na wiki za mvua kubwa funikeni udongo kwa nailoni kuzunguka mashina. Udhaifu wa pili ni chumvi. Kitanda kilichozibwa hakina pa kuitolea, na kama mnachamba kwa maji ya kisima yenye chumvi itajikusanya haraka zaidi. Utaijua kwenye majani: ukingo unakauka rangi ya kahawia kuanzia nchani. Hapo ni kuondoa tabaka la juu na kuweka udongo mpya. Hicho kitanda hakina matengenezo ya bure.

Na msimwage mkojo kwenye vidimbwi au mitoni kwa kudhani ni msafi. Kichocho cha Unguja na Pemba ni kile cha mkojo. Yai la mnyoo wake hutoka na mkojo, na likifika kwenye maji matamu yenye konokono, limefika nyumbani.

Chemba iwe na mita moja kwa mita moja na kimo cha sentimita 80. Watu sita hawaijazi kwa mwaka, hata ukihesabu majivu. Sakafu yake iwe juu ya uwanja kwa tofali moja au mbili, mafuriko yasiingie. Bomba la hewa la inchi 4, mlipake rangi nyeusi, lipite juu ya paa kwa nusu mita, na wavu mdomoni. Wavu wa chuma wa kawaida utaliwa na upepo wa chumvi. Majivu yakiwa haba kwa sababu mnapikia gesi, changanyeni maranda ya seremala au usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) na chokaa kidogo iliyokwisha kuzimwa. Chokaa isiyozimwa ikiruka jichoni ni balaa. Majivu nayo yasiingie bakuli la kuchambia, huziba bomba. Pampasi za mjukuu zina pipa lake.

Kuhusu najisi, mimi ni mtu wa maji taka, hukumu muulizeni sheikh wenu, na mwelezeni ukweli wote: kimekaa muda gani, kitazikwa wapi, kwenye mmea gani. Lakini hamlazimiki kukitumia. Kinaweza kuzikwa tu, mbali na kisima, kikafunikwa kwa udongo wa kutosha. Nimefungua chemba iliyofungwa miezi 14 na kutunzwa vizuri: ilikuwa vumbi la kijivu, halina harufu, koleo linaingia bila kushikwa. Humo tulikuta kijiko cha mtoto, kizima kabisa, kimetafutwa mwaka uliopita. Hata hivyo mchotaji alivaa buti na glovu, na baadaye akaoga kwa sabuni.

Ila nani atakuwa mchotaji huyo? Swali hili lijibiwe kwa jina la mtu kabla hamjanunua saruji. Kule Durban, Afrika Kusini, baada ya kipindupindu cha 2000, manispaa ilijenga zaidi ya vyoo 80,000 vya aina hii. Kiufundi vilikuwa sawa. Watu wengi hawakuvipenda, walivitaja kama choo cha maskini, na kazi ya kuchota ilikuwa moja ya sababu kubwa. Baadaye manispaa ililazimika kuichukua kazi hiyo. Kwenu hakuna manispaa ya kuwachotea. Kijana wako aliyeleta wazo, je, atashika koleo? Na siku ya hitima, wageni hamsini wasioujua utaratibu, nani atasimama mlangoni kuwaelekeza? Wengi wa niliowajengea hukodi au huazima choo cha jirani siku hiyo na kufunga chao kwa kufuli. Ni busara, ndoo moja ya maji inaharibu kazi ya miezi.

Kama kuna mzee asiyeweza kuchuchumaa na kusogea, au kama hakuna wa kuchota, basi nitakwambia kwa moyo mweupe: tangi lililozibwa na gharama ya gari ni bora kuliko choo kikavu kilicholowana. Kama wapo, choo kikavu chenye kitanda cha migomba ndicho ningekijenga mimi mahali penu.

Kazi za wiki hii ni hizi. Chukua maji ya kisima siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa, siyo siku ya maji mafu, maana bamvua ndiyo inayoonyesha ubaya. Waulize Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, au bwana afya wa wilaya, chupa ya sampuli ipatikane wapi, na uombe vipimo viwili: vijidudu vya kinyesi na naitreti. Bwana afya huyo huyo, pamoja na sheha, waione sehemu ya kujengea kabla ya fundi kuanza. Hadi majibu yatoke, maji ya kunywa ya watu wazima yachemshwe au yatiwe klorini. Na mtu yeyote hapo nyumbani akianza kuhara maji meupe kama ya kuoshea mchele, apewe maji ya chumvichumvi ya pakiti njiani huku mkimkimbiza kituo cha afya, usiku au mchana.

Shimo la zamani msilifukie kwa takataka siku choo kipya kikianza. Liacheni lipumzike, limefunikwa kwa zege, mvua isiingie. Na ukipata tarakimu ya naitreti niandikie, pamoja na kina cha maji kisimani wakati wa kujaa na wakati wa kupwa. Kamba yenye jiwe na fundo inatosha kupimia.